Shajara ya mradi: mazizi ya ndege ya Kenley

Mradi wenyewe ni huu: kuutembea kwa miguu uwanja wa zamani wa ndege za kivita wa Kenley, kusini mwa London, kupima kila kilichosalia tangu Vita vya Pili vya Dunia, na kuchora ramani moja yenye maelezo ya Kiswahili. Muda ninao wikendi tu, maana siku nyingine naendesha basi. Vifaa: simu, tepu ya mita 30, daftari, chaki, chupa ya chai. Bajeti: nauli.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, mwili umerudiwa na nguvu, nikaona nianze. Treni inayotoka East Croydon kwenda Caterham ilinishusha Whyteleafe, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyenionya kuhusu mlima. Kutoka bondeni iliko reli hadi uwanjani ni mpando wa kukupa adabu. Udongo wa huku ni chokaa tupu na mvua ya jana ilikuwa imeulainisha, kwa hiyo nilifika juu viatu vyeupe kama vya fundi rangi.

Huko juu ni tambarare. Nyasi pana, njia mbili za zege zinazokatana katikati, na barabara nyingine ya zege inayozunguka ukingo wote. Watu wanatembeza mbwa. Baba mmoja anamfundisha mwanawe baiskeli, kamshikia tandiko kwa nyuma, anakimbia ameinama. Ndege za kivita zilipita hapohapo zikienda kujipanga kuruka.

Kazi ya leo ilikuwa moja tu: kulipata zizi la kwanza. Waingereza wenyewe wanatumia neno hilohilo la zizi la mifugo, nami sioni sababu ya kutafuta jingine. Ndege ikishatua haikuachwa wazi uwanjani. Ilisukumwa hadi pembezoni, ikaingizwa ndani ya matuta ya udongo yaliyojengwa kwa umbo la herufi E. Mgongo wa E ni tuta refu la nyuma. Mikono mitatu ni matuta yanayotokeza mbele. Katikati ya mikono kuna nafasi mbili, kila moja ya ndege moja. Bomu likianguka jirani, vipande vinamezwa na udongo. Likitumbukia ndani, linaondoka na ndege moja, jirani yake anapona. Na kwenye mgongo wa E wakaweka mahali pa kujificha mafundi na marubani. Kenley walijenga mazizi 12 ya namna hiyo vita ilipoanza, na karibu yote bado yapo.

Basi nililipita la kwanza mara mbili bila kuliona. Nilikuwa natafuta ukuta, nalo limekaa kama kichuguu kirefu kilichoota nyasi. Nililitambua baada ya kupanda mbele kidogo na kugeuka: ghafla yale matuta matatu yakajipanga, na ukingo wa zege ukajitokeza chini ya majani. Nikaandika namba 1 kwenye daftari, nikakaa nikanywa chai.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Nimepiga picha moja, ya kiatu changu.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nimekuja na binti yangu, ana miaka 9, kwa ahadi ya chipsi wakati wa kurudi. Jambo la kwanza alilofanya ni kupanda juu ya tuta.

"Shuka mama, hilo linalindwa na sheria."

"Linalindwa na nani? Ni majani tu."

Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2004 mazizi haya yameandikishwa kama kumbukumbu za taifa, sawa na magofu ya kale. Akashuka, lakini uso wake ulisema wazi kwamba serikali ya Uingereza imeishiwa vitu vya kulinda.

Nilitaka kujua nafasi ile moja ya zizi ilitosha nini hasa, maana ukiitazama tupu unaona uwanja wa kuchezea tu. Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza, ilikuwa na mita 12.2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili. Spitfire, ndege yao nyingine ya kivita, mita 11.2. Nikaweka kofia yangu chini upande wa kushoto, binti akavuta tepu hadi mita 12.2, nikaweka chupa ya chai. Kisha yeye, bila kuambiwa, akalala chali katikati na kunyoosha mikono, akaanza kujihesabu: anasimama, anasogea, analala tena. Upana wa mikono yake uliingia mara tisa na kidogo.

"Kumbe ndogo," akasema.

Kweli ndogo. Ukizoea ndege za kwenda Dar unafikiri ndege ni jengo. Hii ingeegeshwa kwenye kituo changu cha basi, tatizo lingekuwa mabawa tu. Na nusu ya nyuma ya mwili wa Hurricane ilikuwa kitambaa kilichovutwa juu ya fito za mbao na mabomba ya chuma. Kipande cha bomu chenye ukubwa wa kidole kilitosha kuiharibia siku. Sasa naona kwa nini walihangaika kumwaga udongo wote huu kwa ajili ya ndege mbili mbili.

Tulipima pia urefu wa tuta la katikati. Sitaandika namba hapa, kwa sababu nilipofika nyumbani niligundua upande mmoja wa tepu ni futi na upande mwingine ni mita, na mimi na msaidizi wangu tulikuwa tunasoma kila mmoja upande wake. Nitarudia.

Jumamosi, 10 Mei

Ni siku ya aibu, lakini shajara ni shajara.

Wiki mbili nimekuwa natembea na furaha ya siri. Upande wa magharibi, ndani ya vichaka, nilikuwa nimeona kifuniko cha chuma juu ya fremu ya zege, kimeegemewa na miiba. Nikakipiga picha, nikakiweka kwenye ramani kwa alama nyekundu: "mlango wa handaki, haujaorodheshwa." Nilishaanza kufikiria nitakavyowaandikia wahusika barua.

Leo nimerudi na glovu na ufagio wa mkono. Nilifyeka miiba robo saa, nikatoa matope, nikafuta kwa kitambaa. Chini ya matope kulikuwa na maandishi ya kampuni ya maji.

Mzee mmoja mwenye mbwa alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote akiniangalia kwa heshima kubwa. Akaniuliza kama nimetumwa kuja kuziba mvujo, maana wameripoti tangu majira ya baridi. Nikamweleza ukweli wangu. Hakunicheka, na hilo litabaki kwenye hesabu yake ya mema. Akanichukua hatua kama mia hivi, akanionyesha kwa fimbo mahandaki halisi yanavyojulikana: ardhi inabonyea kidogo kwa mstari ulionyooka, na majani hapo ni ya kijani iliyoiva zaidi, kwa sababu udongo uliofukuliwa na kurudishwa hukaa na unyevu tofauti na chokaa iliyoizunguka. "Maji hayachimbi mstari ulionyooka," alisema, au maneno yenye maana hiyo.

Tangu hapo nimeacha kutafuta vitu, natafuta mistari. Kwenye ramani nimefuta alama moja nyekundu na kuongeza tano za penseli.

Jumamosi, 17 Mei

Njia za kurukia leo. Hapo mwanzo Kenley haikuwa na zege. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1917, ukamegwa kutoka malisho ya umma, kwa ajili ya kupokea ndege mpya, kuziunganisha na kuzijaribu kabla ya kupelekwa Ufaransa. Kwa zaidi ya miaka 20 ndege ziliruka na kutua juu ya nyasi, zikielekea popote upepo unapotoka. Vita ya pili ilipokaribia ndipo wakamwaga njia mbili za zege, yadi 800 hivi kila moja, na ile barabara ya mzunguko ya kuziunganisha na mazizi. Baadaye vitani zikarefushwa.

Nimezitembea zote mbili mwanzo hadi mwisho. Zege lenyewe lina rangi ya mkate uliokaa, limepasuka kwa miraba, na kwenye kila ufa kumeota mstari wa majani kana kwamba mtu kapanda kwa kamba. Mwisho wa njia, ardhi inaporomoka kwenda bondeni.

Na hapo kuna jibu la swali lililokuwa linanisumbua: kwa nini hapa na si kwingine? Croydon, jirani kabisa, ulikuwa uwanja mkubwa wa kimataifa; ulifungwa 1959 ukamezwa na nyumba na viwanda. Hornchurch, mashariki, walichimba kokoto na kujenga mitaa. Biggin Hill, ng'ambo ya mabonde, bado ni uwanja wa ndege, wa matajiri na ndege zao binafsi. Kenley ilikosa pa kwenda. Ndege za jeti zilihitaji njia ndefu, na mlima hauruhusu. Kujenga nyumba napo kuna kikwazo, kwa kuwa malisho yanayouzunguka yalishanunuliwa na mamlaka ya Jiji la London tangu 1883 ili yabaki wazi kwa umma. Jeshi lilifunga kituo mwaka huohuo wa 1959, uwanja ukaachiwa vijana wa glaida, ndege zisizo na injini, na zege likabaki lilivyo. Wataalamu wa mambo ya kale walipokuja kufanya hesabu mwaka 2000, waliutaja kuwa ndio uwanja wa ndege za kivita wa vita vya angani vya 1940, Uingereza na Ujerumani, uliosalia ukiwa mzima kuliko yote.

Mzima, lakini hauna vichwa. Hanga za mwaka 1917, zenye mapaa ya mbao yaliyopinda, hakuna hata moja. Ya mwisho iliteketea kwa moto 1978. Mnara wa kuongozea ndege haupo. Bwalo la maofisa lipo, jengo la matofali la heshima, nimelitazama kwa nje. Kantini ya askari imekuwa shule. Chumba cha operesheni, ambacho ndicho kilichokuwa ubongo wa mahali hapa, hakipo kwenye ramani yangu na hakitakuwepo.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho halafu nikaisoma tena. Nimekuwa nikipima mazizi wiki sita. Zizi ni mahali ndege ilipolala. Nani alikuwa akiiamsha?

Jumamosi, 14 Juni

Kabla sijafika kwenye ubongo, lazima nipite kwenye siku Wajerumani walipoupiga uwanja huu, tarehe 18 Agosti 1940, Jumapili, saa saba mchana na dakika chache.

Wajerumani walikuwa wamepanga ngoma ya zamu tatu. Kwanza ndege za kushambulia kwa kupiga mbizi zipige hanga na majengo. Nyuma yake, mabomu kutoka juu yaharibu njia na kunyamazisha mizinga. Mwisho kabisa, ndege 9 za mabomu aina ya Dornier, za kikosi maalum, ziingie chinichini, karibu na vilele vya miti, zimalizie kilichobaki. Lakini mawingu huko Ufaransa yalichelewesha ndege za juu kujipanga. Zile 9 za chini hazikuchelewa. Zilivuka bahari zikigusa mawimbi, zikaingia nchi kavu kwenye miamba ya Beachy Head, kisha zikafuata reli ya kutoka Brighton kuja London kama mgeni anavyofuata nguzo za umeme. Zikafika Kenley za kwanza, kwenye uwanja ambao hakuna aliyekuwa ameupiga kabla yao.

Leo nilikwenda kusimama upande wa kusini, pale walipotokea. Nilitaka kuona mtu wa mzinga angepata sekunde ngapi. Kwa kuwa ardhi inaporomoka, huoni kitu chochote kilicho bondeni mpaka kichomoze juu ya ukingo. Nilijaribu kwa kumtazama kunguru: alitokea, nikahesabu moja, mbili, tatu, akawa juu ya kichwa changu. Kunguru hana injini mbili.

Hanga tatu kati ya nne zilivunjwa na kuungua. Watu 9 wa kituo waliuawa, akiwemo daktari. Mabomu kadhaa hayakulipuka, kwa sababu yaliangushwa kutoka chini mno. Viwashio vilihitaji muda wa kuanguka ili vijifungue, na muda huo haukuwepo. Yaliteleza juu ya nyasi kama samaki sakafuni.

Ila kuna silaha moja ya siku ile ambayo sijawahi kuisikia popote pengine. Upande wa kaskazini wa uwanja walikuwa wametega roketi ndogo kwa safu. Kila roketi ilipanda na waya wa chuma wa mita 146, na waya ukashikiliwa angani na parachuti ya juu. Ndege ikigonga waya, parachuti ya pili, ya chini, inafunguka na kuvuta, bawa linakatika au rubani anapoteza mwelekeo. Ni mtego wa ndege wa kitoto, ule wa uzi na kitanzi tuliokuwa tunautega kwenye mtama, ila huu umepewa bajeti ya wizara. Askari wa chini, jina lake Roberts, alisubiri Dornier tatu zikimjia moja kwa moja, akabonyeza kitufe. Moja, ambayo tayari ilikuwa imepigwa, ilinasa ikaanguka juu ya nyumba nje kidogo ya uwanja. Nyingine iligusa waya lakini rubani alikuwa amelaza ndege ubavu, waya ukateleza kwenye bawa kabla parachuti ya chini haijafunguka, akaponea hapo.

Kati ya zile 9, nne ziliangamia siku hiyohiyo, nchi kavu au baharini. Hurricane za kikosi namba 111 kutoka Croydon zilizipokea wakati wa kutoka.

Nimeiweka safu ya roketi kwenye ramani kwa mstari wa nukta tu. Hakuna alama ardhini.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda Kenley, basi limenichosha. Nilimpigia mjomba Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Za Ulaya? Bado unapima matuta ya Wazungu?"

"Bado. Mjomba, umewahi kusikia kitu kinaitwa Kilele hapo Tanga, wakati wa vita?"

"Kilele? Kilele kiko Usambara. Hapa ni pwani, tuna minazi."

Nikamsimulia. Aprili 1942 Wajapani walipoipiga Ceylon, kundi la manowari za Uingereza la bahari ya Hindi lilirudi nyuma hadi Kilindini. Manowari za kubeba ndege zikitia nanga, ndege zake haziwezi kuruka kutoka kwenye sitaha iliyosimama bandarini. Zinahitaji uwanja nchi kavu. Basi jeshi la majini likachukua viwanja vya pwani, na kwa kuwa kwao kila kituo ni meli, hata kikiwa katikati ya mikonge, kila kimoja kikapewa jina la meli. Kwa bahati mtu fulani huko ofisini alikuwa na kamusi ya Kiswahili. Kilindini kikawa Kipanga. Karakana ya Nairobi, Korongo. Tanga, Kilele.

"Kwa hiyo Tanga ilikuwa meli," akasema mjomba.

"Ndiyo, meli ya nchi kavu."

"Na hawakutuambia."

Alicheka mpaka akakohoa, akamwita mke wake aje asikie. Kipanga nakikubali kabisa, hakuna jina bora kwa ndege ya kivita. Kilele kwa Tanga, kamusi ilifunguliwa ukurasa mbaya.

Nimeongeza kidirisha pembeni ya ramani: viwanja hivyo vitatu na maana ya majina. Haviko Kenley, lakini msomaji wa ramani hii atakuwa Mswahili, na hilo atalitaka.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimechukua likizo ya siku moja. Meneja aliuliza ni ya nini, nikasema mazishi, ambayo ni kweli ukiacha miaka 85.

Kanisa la Mtakatifu Luka liko Whyteleafe, kwenye mlima uleule unaonitoa jasho kila wiki, na kwenye makaburi yake kuna kona ya wanaanga wa Kenley. Mawe meupe ya aina moja, safi. Nilisoma tarehe, nikazikuta zile za Agosti 1940. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo, nikaona si vibaya kwa mtu ambaye nimekuwa natembea nyumbani kwake miezi minne bila hodi.

Halafu nikapanda juu. Kwenye zizi moja la upande wa mashariki kuna mnara wa kumbukumbu, uliwekwa mwaka 2000, na leo kulikuwa na shada mbili za maua. Nilirudia kile kipimo cha tuta la katikati, safari hii peke yangu na tepu mpya ya mita pande zote mbili. Nimepata namba. Kati ya namba hii na ile ya Aprili kuna tofauti ya kuchekesha, na binti ameshaambiwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Sasa ubongo.

Mfumo wa mwaka 1940 ulikuwa hivi. Rada za pwani zikiona kitu, zinapiga simu makao makuu, Bentley Priory. Kule habari inachujwa, inashushwa kwa simu hadi Uxbridge, kwa wakuu wa kundi namba 11 lililolinda kusini-mashariki. Uxbridge wanaamua nani aruke, wanapiga simu kituo cha sekta, yaani kituo kinachoongoza ndege za eneo lake, na Kenley ilikuwa kituo cha sekta. Kuanzia hapo ni chumba kimoja: meza kubwa yenye ramani, wasichana wa jeshi wenye vipokea sauti masikioni na fimbo mikononi wanasukuma vibao vya rangi, na ofisa aliyekaa juu anaongea na marubani kwa redio: pandeni hapa, geukeni pale. Vibao vilikuwa vyekundu, njano na bluu, kwa kufuata saa ya ukutani iliyopakwa rangi hizohizo kila dakika tano, ili ukitazama meza ujue habari hii ni mbichi au imeshachacha.

Kwa hiyo chumba kilikuwa macho ya marubani, na chumba chenyewe kilitegemea nyaya za simu. Mabomu ya tarehe 18 yalikata nyaya. Mazizi yalisimama, njia za zege zikafukiwa mashimo, lakini chumba kilikuwa kiziwi.

Wakahamia kwenye chumba cha akiba walichokuwa wamekiandaa. Kilikuwa bucha. Bucha kwelikweli, duka la nyama tupu huko Caterham, barabara ya Godstone, simu zimeshavutwa. Kutoka hapo ndipo sekta ya Kenley ilipoongozwa katika siku zile mbaya za mwisho wa Agosti, mpaka walipohamia nyumba kubwa inayoitwa The Grange, Old Coulsdon.

Leo nimeitembea barabara ya Godstone. Ni barabara ya maduka na magari, kelele tu. Sikuona kitu cha kupima, na safari hii sikukasirika. Nilikanyaga upande mmoja, nikarudi kwa mwingine, nikapanda treni.

Jioni nilipita kwenye bucha letu la Croydon, ninaponunua nyama kila Jumamosi. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaanza kuitazama ile meza ya kukatia kama sijawahi kuiona: ubao mnene, umeliwa katikati na visu, upana wake kama mikono miwili ya binti yangu. Ukutani saa. Kwenye kona, ndoano. Mchinjaji anaita kwa sauti, msaidizi anasukuma vifurushi kutoka kushoto kwenda kulia kwa upande wa kisu. Nikafikiria wasichana sita hivi wamebanana kwenye nafasi hiyo, fimbo mkononi, harufu ya damu kavu haijatoka kwenye mbao, na mmoja anasogeza kibao chekundu kutoka Beachy Head kwenda juu.

"Kaka, wewe! Nusu kilo kama kawaida?"

"Kilo moja."

"Na mfupa?"

"Na mfupa."

Nilitoa tepu mfukoni nikamwomba nipime meza yake. Aliniangalia, akaangalia foleni, akafuta damu kwa kitambaa na kusogea pembeni. Sentimita 240 kwa 110. Imeingia kwenye daftari, ukurasa wa mazizi, namba 13.

Yaliyobaki: mazizi mawili ya kaskazini yaliyofunikwa na miiba, yanasubiri majani yapukutike Novemba. Glovu mpya. Kumuuliza binti achore E kwa mkono wake kwa ajili ya ufunguo wa ramani.